Meza ya Miguu Sita

Siku Bwana Itifaki alipokuja kuulizia meza, nilikuwa nimeshika kichwa cha mke wa muuza vioo, nusu kimesukwa nusu bado, na tulikuwa tumefika pazuri kabisa kwenye habari za mchumba wa binti yake. Gari jeusi likasimama mlangoni. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba aliyoijenga Baba Mkubwa, na mtaa wetu ni mwembamba. Gari likisimama pale, dereva hajazima injini, watu wameshatoa vichwa madirishani.

"Wamekuja kukukamata," akasema mteja wangu, bila chembe ya huruma. "Nilikwambia mdomo huo utakuponza."

Aliyeshuka alikuwa bwana mwembamba wa suti ya kijivu, bahasha kwapani. Akasalimia vizuri, akasema anatoka wizara ya mambo ya nje, idara ya itifaki, wale wanaopanga nani akae wapi na bendera gani iwe upande gani. Jina lake alilitaja, lakini halikudumu. Jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unamwita Bwana Itifaki.

Akatoa picha kwenye bahasha. "Dada, picha hii unaifahamu?"

Nikacheka. "Geuka nyuma yako."

Akageuka. Juu ya kioo changu, katikati ya mabango ya mitindo ya nywele, ilikuwepo picha ileile, imepauka kidogo kwa jua. Mawaziri wawili, wetu na wa nchi rafiki, wameinamia karatasi. Nyuma yao watu wamesimama wima kama nguzo. Mbele kuna kitambaa cha meza cha Mama Mkubwa kinaning'inia, na chini ya upindo wa kitambaa hicho umejitokeza mguu wa mtoto, umevaa kiatu cheupe chenye kifungo.

"Mkataba unafanywa upya," akasema Bwana Itifaki. "Wenzetu wanaleta mashine mpya za kusokota nyuzi, kiwanda kinafufuliwa, pamba yetu yote inapata soko. Kwenye barua yao wameomba jambo moja tu la ziada. Tutie sahihi kwenye meza ileile. Waziri wetu ameshawajibu kwamba bila shaka. Nimeambiwa ilikuwa meza ya nyumba hii."

"Ni kweli."

"Bado ipo?"

"Ipo."

Akashusha pumzi. "Naomba kuiona."

"Utaiona, baba, ila itabidi uende nyumba mbili."

Mke wa muuza vioo akaangua kicheko mpaka nywele zikanichomoka mkononi.

Ngoja nianze nyuma kidogo, maana yule bwana naye ilibidi nimkalishe nimpe chai kwanza ndipo anielewe.

Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, alikuwa seremala. Alipooa alitengeneza meza ya watu kumi, wakati nyumbani walikuwa wawili. Watu wakamcheka. Akasema yeye hajui kula bila kelele. Meza ilikuwa ndefu kiasi kwamba miguu minne ingeiacha ibonyee katikati, kwa hiyo akaiwekea sita. Na kweli ikajaa. Walizaliwa binti zake wawili, nikaletwa mimi nikiwa bado natambaa, wakaja majirani na watu wa safari waliopitiliza. Kiwanda cha nguo kilipoanza kujengwa, wakaja na mafundi wa nchi rafiki. Serikali iliwapangia mabweni, lakini mabwenini hakukuwa na Mama Mkubwa. Jioni walikuwa wanajazana kwetu na viko vyao vya tumbaku na picha za watoto wao, wakionyesha kwa vidole kile wasichojua kukitaja. Mkalimani wao alikuwa binti mmoja wa miaka ishirini na kitu, mwenye miwani, ambaye hakukaa kula bila kamusi kando ya sahani. Kila neno jipya alilifukua humo kwanza ndipo ameze. Tulimpa jina la Shangazi Kamusi, naye akalipenda mpaka akawa anajitambulisha hivyo kwa wakubwa wake.

Siku ya kutia sahihi, meza ya serikali ililetwa kwa lori kutoka mjini. Ubao ulifika. Miguu ilisahaulika huko ilikotoka. Wageni wameshapanga mstari, bendi inarudia wimbo uleule kwa mara ya nne, na wakubwa wanatupiana macho. Ndipo mtu akakumbuka meza ya seremala. Vikombe viliondolewa vingali na chai ya moto. Wanaume wanane wakaibeba, wakavuka nayo barabara, Mama Mkubwa akiwafuata nyuma na kitambaa chake, anapiga kelele: "Kona! Angalieni kona! Na ninaitaka kabla ya chakula cha jioni, uwe mkataba usiwe mkataba!"

Ilirudi kabla ya chakula cha jioni. Ilirudi na doa la wino katikati, dogo kama harage, kalamu ya waziri mgeni ilidondosha. Mama Mkubwa hakulisugua. Mgeni yeyote akifika alionyeshwa doa kabla ya kuonyeshwa choo.

Picha ilipotoka, swali likawa mguu ni wa nani. Dada zangu wote wawili, mmoja na miaka tisa siku hiyo na mwingine saba, walidai kila mmoja kwamba ni wake. Kila mmoja alikumbuka kujificha chini ya meza, na kila mmoja alikumbuka kiatu cheupe. Kila mmoja aliapa kwamba mwenzake alikuwa amekimbilia kwenye bendi. Mimi nilikuwa na miaka minne, nilikuwa nimelala, sikuhesabiwa. Baba Mkubwa alikuwa anafurahi sana wakibishana. Alisema: "Mwenye mguu huu naye alitia sahihi. Nikifa, meza ni yake." Alisema kwa mzaha, akiwa na kikombe mkononi, nasi sote tukicheka.

Mzaha huo ndio uliotumaliza.

Miaka tisa iliyopita, baada ya kumzika Mama Mkubwa, dada zangu walikaa kugawana vitu vya nyumba. Kabati lilipata mtu, vitanda vikapata watu, na mimi nikaachiwa nyumba yenyewe kwa kuwa ndimi niliyebaki nikiwauguza wazee. Ilienda vizuri mpaka kwenye meza. Hapo kila mmoja akasema ni yake, baba alishasema, mguu ule ni wangu. Mkubwa ni fundi cherehani, namwita Dada Mshonaji, na ulimi wake unachoma kuliko sindano. Mdogo anafundisha hesabu, namwita Dada Mwalimu, naye hajawahi kukubali jibu lisilo lake. Walisema maneno ya mbali sana yasiyohusu meza. Mwishowe Dada Mwalimu akachukua rula, Dada Mshonaji akachukua chaki yake ya kukatia nguo, wakapima katikati, wakapiga mstari pembeni kabisa ya doa la wino, wakamwita Fundi Randa.

Fundi Randa alijifunza useremala kwa Baba Mkubwa. Alisimama na msumeno robo saa nzima. "Niambieni mnatania," akasema. Hakuna aliyetania. Akakata. Miguu ya katikati wakagawana mmoja mmoja, kwa hiyo kila mtu akaondoka na nusu meza ya miguu mitatu.

Kwenye sebule yangu, iliyo wazi kwa saluni, zikabaki alama sita sakafuni, pale miguu iliposimama miaka yote ile, saruji yake bado nyekundu na nyororo wakati pengine pote pameshachubuka. Sikuweka kitu juu ya alama zile. Watu walidhani sina uwezo wa kununua meza. Kumbe nilikuwa nahisi nikiweka nyingine nitakuwa nimekubali. Na dada zangu hawakuzungumza tena. Wakipishana njiani mmoja hutazama mawingu, na mimi ndiye nilikuwa natembea Jumapili asubuhi kwa huyu, Jumapili jioni kwa yule, nimebeba umbea wa kutosha nyumba zote mbili ili pasiwe na ukimya. Nilipomwona Bwana Itifaki na bahasha yake sikuwaza pamba hata kidogo, Mungu anisamehe. Niliwaza alama sita.

"Mna siku ngapi?" nikamuuliza.

"Leo Ijumaa. Sherehe ni Alhamisi."

"Kunywa chai twende."

Kwa Dada Mwalimu, nusu ya meza ilikuwa imefungwa ukutani kwa vyuma, upande uliokatwa ukiwa umeegemea ukuta usionekane, na juu yake marundo ya madaftari. Bwana Itifaki alieleza yote: nchi mbili, urafiki, nyuzi, soko. Dada Mwalimu akasikiliza amekunja mikono kama anayesubiri mwanafunzi amalize kudanganya.

"Nitatoa," akasema. "Kwa masharti. Iandikwe kwamba ni mali yangu. Na Ijumaa inayofuata irudi hapa ilivyotoka."

"Itaandikwa."

"Na waziri mgeni akae upande wangu."

Kwa Dada Mshonaji tulikuta nusu ya pili imebeba cherehani, na pale palipokosa mguu ameweka sanduku la bati na matofali mawili. Akasikiliza huku anashona, mguu haukutoka kwenye kanyagio.

"Huyo mwingine amesema nini?"

"Amekubali," nikasema.

"Simuulizi Redio, namuuliza bwana." Redio ndilo jina langu tangu utotoni, kwa sababu nilianza kutangaza kabla ya kuota meno yote.

"Amekubali, mama," akasema Bwana Itifaki.

"Basi na mimi nimekubali. Ila waziri mgeni akae upande wangu."

Garini, tulipofika njia panda, yule bwana akanigeukia. "Nimewahi kuwakalisha pamoja watu waliopigana vita," akasema. "Huwa kuna meza ya duara."

"Hawa hawatakuelewa na duara."

Alichofanya nakisifu mpaka kesho. Aliandika hati mbili za makabidhiano zenye muhuri, kila moja ikisema *nusu moja ya meza ya kihistoria, miguu mitatu*, na kila moja ikisema kwamba waziri mgeni atatia sahihi "upande ulio karibu na bendera yake". Bendera itakuwa wapi, hakuandika. Kila dada alisoma, akaona ameshinda.

Jumatatu nusu zote mbili zilifikishwa kwenye ukumbi wa kiwanda. Miaka ilikuwa imepita sijaingia mle. Nakumbuka enzi zile honi ya zamu ikilia, mtaa mzima ulikuwa unaendeshwa nayo: ya asubuhi unaweka maji ya chai, ya mchana unaita watoto, ya jioni unatazama mlango. Wanaume walikuwa wanatoka na pamba kwenye nyusi, wamezeeka kabla ya wakati, wakifika bombani wanaosha uso wanarudia ujana. Kiwanda kilipopunguza kazi, zamu tatu zikawa mbili, zikawa moja, na honi ikanyamaza bila mtu kututangazia. Tukaanza kununua saa za ukutani. Sasa ukumbi ulikuwa umefagiliwa, ukuta umepakwa rangi mpaka kimo cha mtu, juu ukaachwa vilevile. Katikati, nusu mbili za meza zilikuwa zimewekwa zikitazamana, na kati yake nafasi ya kupita mtu mwembamba.

Fundi Randa alizizunguka mara tatu. Nywele zake sasa nyeupe.

"Kuna njia mbili," akasema. "Ya kwanza, nakaza vyuma na boliti kwa chini. Alhamisi jioni nafungua, kila mtu na chake. Kitambaa kitaficha. Ya pili, napiga randa kingo zote mbili zipate kukutana, natoboa, naingiza vijiti, natia gundi, nabana usiku kucha. Hiyo ikishika, imeshika. Kuitenganisha tena ni msumeno, na mimi sitaushika mara ya pili. Mtafute mwingine."

Dada zangu walikuwepo wote wawili, kila mmoja amekuja kulinda nusu yake, mmoja mlangoni mmoja dirishani.

"Redio," akasema Dada Mwalimu, "mwambie mwenzako mimi nataka boliti."

"Dada, anakusikia, ana masikio."

"Mwambie."

"Anasema boliti."

"Mwambie," akasema Dada Mshonaji, "kwamba mimi ndiye niliyetaka boliti kwanza, kabla yeye hajafumbua mdomo."

"Anasema yeye ndiye wa kwanza kutaka boliti."

"Muulize alitaka saa ngapi."

Fundi Randa akaketi juu ya kisanduku chake cha vyombo akajifuta uso. "Marehemu angewachapa," akasema. "Wakubwa hivyohivyo."

Ikawa boliti. Jumanne akakaza, ikasimama, lakini ukiweka kiganja pale katikati unasikia ufa, na glasi ya maji ukiiweka upande mmoja, mtu akigusa upande wa pili inatetemeka. Bwana Itifaki alijaribu kuandika jina lake juu yake. Kalamu ikaruka. Akatazama karatasi, akatazama dari.

Jumatano mchana wakafika watangulizi wa ujumbe wa nchi rafiki, watu sita wenye vitambulisho shingoni. Wa mwisho kuingia alikuwa mama mmoja mzee, miwani minene, fimbo mkononi. Sikumtambua. Alisimama katikati ya ukumbi akanitazama kwa muda.

"Wewe ni yule mdogo uliyekuwa hunyamazi," akasema kwa Kiswahili safi, kila neno limepigwa pasi.

"Shangazi Kamusi!"

Jamani. Nilimkumbatia mpaka miwani yake ikahamia sikioni. Alisema amestaafu siku nyingi, ila aliposikia safari hii aliandika wizarani kwao kwamba kama hawamchukui atakuja kwa miguu. Kumbe barua ya kuomba meza ileile ni yeye aliyeishauri. Akauliza habari za Baba Mkubwa, nikamwambia. Akauliza za Mama Mkubwa, nikamwambia. Akainamisha kichwa, midomo inacheza, nikajua anatafuta neno la pole lililo bora kuliko pole, na kamusi hana.

Kisha akaiona meza. Akaenda taratibu, akapitisha mkono juu ya ubao kutoka mwisho mmoja. Mkono ukafika katikati ukasimama.

"Imefanywa nini hii?"

Dada Mshonaji alikuwa mlangoni, Dada Mwalimu dirishani. Fundi Randa akaanza kupanga misumari ambayo haikuhitaji kupangwa. Basi nikasema mimi. Nilimwambia yote, mguu, mzaha wa Baba Mkubwa, msiba, chaki, msumeno. Nilikuwa nangoja dada zangu wanikatize, hawakunikatiza.

Shangazi Kamusi akasikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeulizwa jambo asiloelewa kwa nini linaulizwa.

"Mguu ni wa nani?" akasema. "Lakini nyie mna picha gani huku?"

"Ile moja, Shangazi. Iko kila mahali."

"Hiyo ni ya mpiga picha wenu." Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ya karatasi ngumu. "Wa kwetu alipiga goti pembeni, alitaka bendera zote mbili zionekane kwa chini. Wakubwa waliikataa, walisema imekata vichwa vya mawaziri. Nikaomba mimi. Ilikaa kwenye chumba changu cha kulala miaka yote hii. Nimeileta kuwa zawadi ya nyumba yenu."

Akaiweka juu ya meza, pale kwenye ufa.

Vichwa vya mawaziri havikuwepo kweli. Zilikuwepo suruali mbili, miguu ya meza, kitambaa kimeinuka upande mmoja, na ndani yake, gizani kidogo lakini wazi, wasichana wawili wameketi magoti yamegusa videvu. Mkubwa amemziba mdogo mdomo kwa kiganja. Mdogo macho yamemtoka kwa kicheko. Miguu yao minne imepangwa mstari mmoja, na miwili kati ya hiyo ni mitupu. Mkubwa amevaa kiatu cheupe cha kulia. Mdogo amevaa kiatu cheupe cha kushoto.

Sikuona walisogea saa ngapi. Nilipoinua macho walikuwa wamesimama mmoja kulia kwangu mmoja kushoto, bega kwa bega nami, wanaitazama.

"Kimoja kimoja," akasema Dada Mwalimu.

"Mama alinunua jozi moja," akasema Dada Mshonaji polepole, kama anayevuta uzi. "Ilikuwa yangu. Ulilia tangu dukani."

"Sikulia."

"Ulilia mpaka muuzaji akakupa peremende. Mama akasema basi gawaneni, mkiniaibisha leo mtanitambua."

"Ulinikanyaga, ndiyo maana nililia."

"Si unaona? Ulilia."

"Halafu wewe ndiye uliyetaka tuingie chini. Ulisema tukione kiatu cha waziri kama kina tundu."

"Kilikuwa nalo."

"Kilikuwa nalo!" akasema Dada Mwalimu, akajishika tumbo, na kicheko kilichomtoka kilikuwa kilekile cha kwenye picha, kilichozibwa kwa kiganja wakati ule. Ndipo nikagundua kwamba tangu waanze hakuna aliyeniambia *mwambie*. Nilirudi nyuma hatua mbili nisije nikawa katikati. Shangazi Kamusi naye akarudi.

Kicheko kikapoa. Bwana Itifaki aliacha kuhesabu viti.

Dada Mshonaji akafuta macho kwa upindo wa kitenge, akasema bila kumtazama mtu: "Fundi, ile gundi yako iko wapi?"

Fundi Randa alikuwa ameshasimama. "Ipo. Lakini nataka mnisikie vizuri. Kingo hizi zimechakaa. Nikipiga randa mpaka zikutane, meza itapungua upana wa kidole, na lile doa la wino lipo ukingoni. Litakwenda na maranda."

Dada Mwalimu akaweka kidole juu ya doa. Akamtazama dada yake. Mkubwa akatikisa kichwa kukubali.

"Liende," akasema Dada Mwalimu.

Fundi akapiga randa. Maranda yalitoka marefu, yamejikunja, na moja lilikuwa na rangi ya bluu iliyofifia. Akatoboa, akaingiza vijiti, akatia gundi, akabana kwa vibano alivyoazima kwa mafundi wote wa mtaa. Bwana Itifaki aliuliza kama asubuhi itakuwa imeshika. Fundi Randa akamwambia wewe panga bendera.

Sherehe mliiona kwenye televisheni, sina haja ya kuirudia. Mawaziri walikaa, kila mmoja karibu na bendera yake, kalamu hazikuruka. Waziri mgeni alisema urafiki wetu ni wa watu kabla ya kuwa wa karatasi, na Shangazi Kamusi ndiye aliyefasiri, akiwa amekataa kiti. Lile ambalo televisheni haikuonyesha ni pale walipowasha honi ya kiwanda baada ya sahihi. Ililia kwa kukwaruza mwanzoni, kisha ikafunguka. Wazee wote wa ile mistari ya nyuma, waliofanya kazi mle ujanani, wakasimama kwa pamoja bila kuambiwa, wakaanza kuelekea mlangoni. Walifika nusu ya njia ndipo wakakumbuka kwamba zamu haipo, wakacheka, wakarudi wakikumbatiana. Mimi nililia hapo. Kwenye hotuba sikulia.

Alhamisi hiyohiyo, kabla ya chakula cha jioni, wanaume wanane wakavuka barabara na meza. Hati za Bwana Itifaki zilisema kila nusu irudi kwa mwenyewe. Hazikusema kitu kuhusu meza nzima, na haikuingia kwenye mlango wa Mwalimu wala wa Mshonaji. Mlango wa nyumba ya Baba Mkubwa alioupima seremala mwenyewe uliipitisha bila kugusa rangi.

Tukaishusha juu ya alama zangu sita. Miguu miwili ya upande wa dirisha ikakaa sawasawa. Ya katikati ikawa pembeni kidogo, na ya mwisho ikapungukiwa na alama zake kwa upana wa kidole.

Dada Mwalimu akainama na rula. "Tukisogeza nusu kidole huku na nusu huku..."

"Halafu hakuna hata mguu mmoja utakaokaa mahali pake," akasema Dada Mshonaji.

"Ndiyo. Lakini haitaonekana."

Wakasogeza, mmoja mwisho huu, mwingine mwisho ule.

Viti havikutosha. Shangazi Kamusi alikaa pale alipokaa siku zote, Fundi Randa akakalia sanduku lake la vyombo, Bwana Itifaki, ambaye hakuna aliyempangia, akasimama muda mrefu kabla ya kujibana kati ya mke wa muuza vioo na bintiye aliyekuja na yule mchumba ili tumwone wote kwa pamoja tusisumbuke. Mimi nilikalia kiti cha saluni, kile chenye kofia ya kukaushia nywele. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba sikusikia hata nilichokuwa nasema mwenyewe.

Picha zote mbili ziko juu ya kioo sasa, zimekaribiana. Ya kwetu inaonyesha mguu mmoja, na ukikaribia unaona kama ni wa kulia au wa kushoto. Ya kwao inaonyesha nani alivaa kiatu cha mguu gani. Mtu yeyote akisogea hatua mbili atalinganisha na kupata jibu. Jioni ile, kati ya watu wote waliojaa mle, hakuna aliyesogea.

Mimi nilikuwa nimeshaangalia mchana, kabla hawajafika, wakati natundika. Redio ni Redio.

Dada Mwalimu alinisogelea sikioni katikati ya kelele. "Uliangalia?" akaninong'oneza.

Nikamwambia anisogezee sukari.